Swali la Kumi na Nne

Juni, Tandala, saa tatu usiku.
Ukungu umeshuka hadi kwenye kufuli la duka la Luvanda.
Jiko la mkaa liko kati ya magoti yangu,
madaftari sitini na mawili yako kitandani,
kalamu nyekundu imegoma kwa baridi, naipulizia.

Kazi yenyewe ni ndogo: jaza pengo.
Kitenzi kimesimama ng'ambo hii, mtendwa ng'ambo ile,
katikati kimstari, ubao wa kuvukia kijito.
Ukikanyaga siko, unalowa.

Ndivyo kilivyo Kiingereza: kitenzi hakitembei peke yake.
Kina mwenzake, kifupi, silabi moja ya kunong'ona,
na sijawahi kuambiwa ni nani aliyewaozesha.
"Weiti" hamtaki mwingine ila "foo".
"Dipendi" sharti akae juu ya "oni", chungu juu ya mafiga.
Na "luku" (si ile ya umeme,
ingawa nayo hukuacha gizani bila hodi)
ana nyumba nyingi:
akilala kwa "ati", anatazama;
kwa "foo", anatafuta;
kwa "afta", anatunza;
asubuhi uso wake ni ule ule.

Mimi nilichapwa kwa ajili ya "foo".
Kidato cha Kwanza, Mwalimu Nkwama:
nilisema "ai em weiting yu", nikanyoosha mkono.
Nikarudi bwenini nikiupuliza
na kujiuliza sisi chetu tumekificha wapi.

Tumekimeza.
Kimo tumboni mwa kitenzi, kinacheza kama mimba ya miezi mitano.
Hama, hamia.
Kimbia, kimbilia: miguu ile ile, ila sasa kuna mlango mbele.
Nuka, nukia: herufi moja tu,
na choo kimegeuka shamba la pareto.
Lia. Lilia.
Bibi yangu hakufa tu, alifia njiani kwenda Ikonda,
na ndani ya "i" ile moja
mna barabara nzima, utelezi wake,
na wanaume wanne wanaopokezana machela.

Swali la kumi na nne:
"Mai fadha lukus", pengo, "asi".
Jibu ni "afta". Hadi sasa wote wameandika "afta",
isipokuwa mmoja aliyeandika "ati", nikacheka,
baba wa namna hiyo wapo.

Obadia Tweve, Kidato cha Pili B, ameandika "foo".

Namjua Obadia. Sweta la dada yake, vifungo upande wa kike.
Baba alipanda lori la viazi kwenda Makambako
mwaka ule barabara ilipokatika,
akasema Ijumaa.
Tangu hapo wamehama nyumba mara mbili.

Baba yetu anatutafuta.
Kisarufi, sentensi imesimama wima.
Mimi ndiye niliyetaka "afta".

Kalamu iko hewani. Mkaa umesema ta.
Labda hakusoma. Labda alikisia,
maana swali la tisa ameandika "dipendi foo",
na hilo halina huzuni yoyote,
ni kosa, nimelikata.

Mwongozo unasema moja au sifuri.
Kesho mapema atakuja na daftari lake, namjua, huhesabu alama,
atasema: Mwalimu, wenzangu wote wana "afta".
Nami nitasimama pale mlangoni mwa ofisi
nikitafuta cha kumwambia,
au cha kumwambia kwa,
au cha kumwambia juu ya.

Nimempa moja. Ndogo, pembeni.

Linalofuata ni la Yusta Sanga.
Ameandika jina na tarehe kwa mwandiko mzuri sana,
akaacha mapengo yote ishirini wazi,
meupe, kama matuta ya viazi
alfajiri ya sakitu.