Neno la Herufi Nane

Imali aliingia saa kumi na moja, mvua ya Aprili ikimtiririka begani,
akaweka mezani flashi na picha ya babake.
"Nakala mia mbili. Kurasa nne. Kesho kabla ya saa nne."
Ndiyo kazi yangu, ghorofa ya pili, Barabara ya Kirinyaga,
juu ya duka la spea:
ratiba za mazishi,
na kadi za harusi, wiki ikiwa na huruma.

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, kazi ya mpwa aliyesoma.
Mstari wa kwanza, kabla hata ya jina la marehemu,
lilikaa neno la herufi nane.
Rinaundi.
"Litie kwa Kiswahili," akasema.
"Watakaokuja ni watu wa Makongeni na Kariokor.
Baba hakuwatengenezea vyerehani kwa Kiingereza."

Nikaandika maarufu.
Nikalifuta.
Wiki ile lilikuwa kwenye kila nguzo ya stima,
chini ya kidevu cha mgombea;
na mganga wa kurudisha wapenzi, naye ni maarufu.
Tena maarufu na taarifa ni ndugu wa tumbo moja:
asubuhi unasomwa,
jioni unafungiwa nyama.

Nikajaribu mashuhuri.
Likavaa tai. Likataka askari mlangoni.
Ambuchi alikuwa na kiti kimoja, cha mteja;
mwenyewe alikalia kreti ya soda.

Sugu nikaliruka. Hilo la majambazi,
ingawa nao, Mungu atusamehe, tunawajua kwa majina.

"Alijulikana na nani hasa?"
Imali akacheka, cheko la mtu ambaye hajalala.
"Gazeti halikumwandika. Redio, hata siku moja.
Lakini cherehani ikigoma pale Gikomba,
sindano ikivunjikia ndani ya gauni la bibi harusi,
hawasemi itengenezwe.
Husema iambuchiwe.
Kuna vijana kule wanaambuchi pasi, wanaambuchi simu,
wala hawajui hilo lilikuwa jina la mtu
aliyependa chai ya tangawizi
na kudai deni kwa aibu."

Nikanyamaza.
Nikalirudia lile neno, nikalipasua kama ganda la njugu:
ndani mna jina,
na mbele ya jina, kurudia.
Kutajwa. Halafu kutajwa tena.
Kumbe halikuuliza ni wangapi.

Ila Waingereza huitanguliza sifa
kama king'ora cha msafara;
mwenyewe yuko nyuma, pengine haji.
Sisi humtanguliza mtu.
Fundi kwanza. Kisha, kama lipo la kusema, linafuata,
nalo likichelewa, fundi bado yupo.

Fundi mtajika, nikapiga chapa, Fundi mtajika Ambuchi.
Imali alisoma mara tatu, kidole kikifuata herufi.
Hakusema limefaa. Alisema, "Punguza wino kwenye picha,
hakuwa mweusi hivyo."

Saa nne usiku, nakala ya mia na thelathini na moja,
mashine ikakohoa, ikakwama.
Kimotho, mwanagenzi wangu, mtoto wa Gikomba,
akainua kichwa kutoka kwenye rundo la karatasi,
bisibisi tayari mkononi:
"Bosi, niiambuchi?"

Na uso wa mzee
ulikuwa humo ndani, kati ya roli mbili,
umekunjamana kidogo,
ukingoja.