Mguu wa Kulia

Koti lile nililishona mimi, Masasi, mtaa wa Mkuti:
kaki, mifuko minne, kiuno inchi thelathini,
kisha mto wa sufi ndani
ili Mfaume Nankoma apate tumbo la karani wa ushirika.
Nywele tukazipaka unga wa muhogo.
Alikuwa na arobaini na mbili; tukamfanya sabini.

Mguu aliuleta mwenyewe.
Aliuokota wapi, hajaniambia hadi leo,
ila alipoingia mlangoni akiuburuta wa kulia,
akaukanyaga mzani kwa ncha ya kiatu,
akamwambia mwenye magunia ya korosho,
"Mzani hauna mjomba!"
baa nzima ya Bi Asumini, televisheni juu ya friji,
ilimwaga bia.

Akawa Karani Ratili. Jina la babake likafa njaa.
Benki, Ratili. Hospitali ya Ndanda, Ratili.
Siku tuliyomzika mkewe, Somoe, kule Chiungutwa,
alisimama kuwashukuru waliochimba,
sauti ikamkwama,
na katika ukimya ule mtoto mmoja akacheka.
Kisha baba wa mtoto.
Siwezi kuwalaumu. Na mimi nilikuwa nimeing'ata kofia.

Mwaka huu, mabibo yakinuka mji mzima,
wakaja vijana na kamera.
Wanamtaka Ratili upya, yuleyule, rangi safi zaidi.
Nikalifumua koti.
Mto hauhitajiki.
Unga hauhitajiki; tukausonga ugali tukaula.
Kiuno arobaini na moja. Nilipima mara mbili,
yeye akitazama dirishani.

Ghala ni lile, mzani ule ule, kutu mpya.
"Haya mzee, ingia."
Akaingia, akachechemea.
"Kata! Mguu wa kulia, mzee.
Watu wanakumbuka wa kulia."

Sasa, goti lililokufa ni la kushoto.
Mwaka wa sita huu: sindano, mafuta ya nyonyo,
mganga wa Nanyumbu na kuku wake.
Hakusema neno. Akalibebesha goti bovu mwili mzima
ili mguu ulio salama upate kuburutwa.
Mara moja. Mara tatu. Mara ya tano
jasho lilikuwa limeilowesha kola yangu,
na vijana walicheka hadi wakashikana mabega:
"Mzee bado yumo!"

Usiku nilimrudisha kwa pikipiki.
Njia nzima kimya, halafu karibu na kwake:
"Fundi, ilichekesha?"
Nikasema ndiyo.
Ilichekesha kweli, na hapo ndipo ninapokwama.

Akashuka. Akasukuma geti.
Akaenda zake kwa wa kushoto, hatua tatu, nne,
mpaka mtoto wa jirani akapaza sauti kutoka gizani,
"Ratili! Unakosea mguu!"

Akasimama.
Akabadilisha.