Alama Tatu

Gobore la mjomba Lugusha lilinijia na vitu vinne:
leseni iliyokunjwa hadi mikunjo ikawa matundu,
msokomezo wa chuma, kopo la gololi,
na pembe ya tohe, fupi, imekwaruzwa alama tatu kwa ndani.
Maelezo hakuacha. Homa ilimwahi kabla ya maneno.

Nikakaa kibarazani hapa Ipole, mahindi yakiota ndevu,
nikaigeuzageuza pembe kwenye mwanga
kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama.

Alama ya juu niliijua. Ni ya kuro,
mwenye kifua kipana na manyoya yanayonuka mafuta.
Baruti ifike hapo, gololi moja nzito,
kisha bega lilale upande mmoja siku mbili.
Ya kati ni ya swala: nyama ibaki nyama,
tundu uweze kuliziba kwa kidole.
Lakini ya chini, iliyokaribia ncha,
kina cha kifuniko cha kalamu,
hiyo ni ya nani?

Jumamosi nikaenda kwenye kichuguu nyuma ya bani la tumbaku.
Nikasimamisha debe la mafuta, nikahesabu hatua,
nikaandika kwenye daftari la mtoto, upande wa hesabu:
*Alama ya kati, gololi moja. Debe limepita na nyuma.*
*Alama ya chini, gololi moja. Debe limecheka.*
*Alama ya chini, risasi ndogondogo, hatua ishirini.*
*Matundu tisa. Moshi kidogo. Bega halina habari.*
Nikasema, aa, mjomba!
Hii ni ya kanga, hii ni ya ngedere,
ni ya mnyama ambaye kumuua kwa alama ya kuro
ni kumwaga mtama wa gunia zima ili kumlisha kifaranga.

Shida ya gobore si shabaha.
Raifo ya bwana nyamapori ina tano tumboni,
ikikosea inameza mate, inasema tena.
Gobore lina neno moja,
na neno hilo unalishindilia mchana, umekaa, umeshiba,
kabla hujajua usiku utakuletea nani.

Nililala kwenye dungu, shamba la karanga, neno dogo ndani ya mtutu.
Mwezi ulipotoka juu ya miyombo
akaja swala, dume, peke yake,
akasimama karibu hivi kwamba nilimsikia akitafuna.
Kidole kilikwenda. Kikarudi.
Kwa kipimo kile ningempa jeraha la siku nne,
afe kichakani, nzi wakiwa ndio wenye nyama.
Akala mistari miwili. Nikamhesabia.

Alfajiri wakaja ngedere, ukoo mzima na kelele zao,
na neno dogo likapata mtu wake.
Kiganja chake, nilipokifungua, kilikuwa na karanga mbili,
moja ameshaimenya.
Hilo sikuliandika kwenye daftari.

Msimu wote nikamsifu marehemu kwa watu:
tazameni hekima, amenipimia hata kisichosemwa!
Hadi mkaza mjomba Kalunde alipokuja kuazima jembe,
akasema mwangaluka, akaiona pembe dirishani,
akaicheka mpaka akashika mlango.
“Ile ya chini? Niliikwaruza mimi, kwa msumari.
Nilikuwa napimia ugoro wa kuuza mnadani.
Lugusha alinifokea wiki nzima.”

Akachukua jembe, akaenda.

Nimekaa na jambo hilo sasa mwezi wa pili.
Daftari halijabadilika: matundu tisa, hatua ishirini.
Leo wingu limeelekea Ugalla, ngedere wameanza mstari wa tano,
nami nimeinamisha kopo, polepole,
baruti nyeusi ikapanda ndani ya pembe
ikafika kwenye ugoro wa Kalunde.
Nikagonga ukingo kwa ukucha, ilale sawa.