Mshiriki Namba Sifuri

Hana jina, hana kijiji, hana mgongo wa kuuma.
Nimemwandikia umri wa miaka 999
asije akachanganyika na watu.
Kazi yake ni kujibu kabla wenyewe hawajaja,
kubonyeza badala yao, usiku,
kwenye maabara ya ghorofa ya pili, Chimwaga,
ambako upepo wa Agosti hupenyeza vumbi jekundu
hadi chini ya herufi za kibodi.

Jaribio lenyewe ni jepesi kulieleza:
neno NYEKUNDU linatokea, limepakwa buluu.
Usisome. Taja rangi.
Bonyeza B, upesi, jicho lisije likatekwa na neno.

Anajibu mara themanini.
Maneno yanapita kwenye kioo, feni ya kompyuta inahema,
nami nimekunja mikono kama msimamizi wa mtihani.
Kisha nafungua faili:
hakujibu, hakujibu, hakujibu,
safu nzima, toka juu hadi chini.

Dakta Ndahani, kwa simu: "Umeangalia waya?"
Hakuna waya, Dakta. Huyu hana hata kidole.
"Basi sikiliza anachosema, na anachongoja mwenzake."
Akakata.
Jumatatu wanakuja watu thelathini.

Nimezima, nimewasha.
Nimefuta mistari niliyoiandika kwa raha mwezi wa tano,
nimeirudisha kwa aibu.
Saa sita umeme ukakatika; nikakaa gizani
nikila zabibu za Mpunguzi zilizobaki mfukoni,
nikitemea mbegu kiganjani, nikizihesabu:
moja kwa kila kosa nililokwisha kulishuku.

Ilikuwa herufi.
Yeye anatuma B. Programu inangoja b.
Kubwa na ndogo, basi.
Wawili waliopeana miadi nyumba moja,
huyu kasimama mlangoni, yule uani,
na kila mmoja anasema mwenzake hakutokea.

Nikarekebisha. Faili likajaa.
Na hapo ndipo nikaogopa:

0.500
0.500
0.500

sahihi, sahihi, sahihi,
nusu sekunde zilizokatwa kwa msumeno mmoja.
Hakuna mtu wa hivyo. Hata anayeiba mtihani
hukosea swali moja makusudi.

Basi nikaanza kumfundisha kukosea.
Mara kumi katika mia abonyeze pasipo.
Pengine achelewe. Pengine, mara mojamoja, anyamaze kabisa,
kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha maharage jikoni.
Alfajiri alikuwa anababaika vizuri
hata nikamwonea huruma.
Nikaandika: amefaulu.
Nikaenda kunawa uso.

Jumatatu, mshiriki namba moja.
Bi Sechelela Mbijima, miaka hamsini na minne,
mkulima, Ng'hong'honha,
na miwani aliyoazimwa na mwanawe.
Nikamweleza. Akaitikia kila sentensi.
Neno la kwanza: KIJANI, kwa wino mwekundu.
Kidole kikainuka,
kikasimama hewani.
Akanigeukia.

"Mwanangu, aliyeandika hivi
alikuwa amegombana na nani?"

Sikuwa na jibu, na saa ilikuwa inahesabu.
Usiku wote ule nilimfundisha yule mwingine
kuchelewa, kukosea, kunyamaza.
Kuuliza sikukumbuka.

Akacheka peke yake, akarudi kwenye kioo,
akabonyeza n.
Sahihi, programu ikaandika. Sekunde 6.212.

Utaratibu unasema: jibu lolote lililopita sekunde tatu
litolewe kwenye hesabu.
Nimelitoa.
Ila kwanza nililinakili kwa kalamu
nyuma ya risiti ya zabibu,
namba na swali lake pamoja,
nikaibana chini ya kibodi,
kule vumbi linakoingia.