Ubora: Thelathini

Mabela, saa nne usiku. Kiyoyozi kinakohoa,
nami nimeifungua picha ya Bibi Raya kwenye kioo:
Matrah, mwaka wa sabini na mbili, nje ya nyumba ya watu,
kanga kaifunga kifuani, mkono mmoja kiunoni,
kama aliyeambiwa acheke akakataa.

Mdogo wake anaitaka, Bi Thuwaiba, yuko Chake Chake.
Simu yake imejaa, mtandao wa kule wa kubembeleza.
"Ibane," nimeambiwa, "itume nyepesi."

Nikabonyeza Hifadhi. Kikatokea kile kijistari
chenye kitufe cha kuburuta, huku sifuri, huku mia,
na swali lisilo na adabu: ubora kiasi gani?

Tisini. Pindo la kanga linasomeka
herufi kwa herufi, mpaka na nukta yake:
HASIRA ZAKO HAZINILISHI.

Bibi kavua miwani, kaivaa tena.
Miaka hamsini anakula kiapo kanga ile
iliandikwa dua ya safari, si kijembe,
na kwamba Thuwaiba aliisoma kwa jicho la chuki.
"Teremsha," kaniambia. "Pindo lina haja gani?"

Sabini: nukta imekufa.
Hamsini: herufi zimeota ukungu.
Arubaini: HASIRA, ukitaka kuamini, ni ASALI.
Thelathini: vijumba, vijumba, kama vigae vya bafuni,
hakuna aliyemtukana mtu.
"Hapo hapo," kasema Bibi. "Hapo pana amani."

Kilobaiti arubaini na moja.
Picha ikaondoka kabla sijainua kidole.

Sikumwambia kwamba mashine haijui kijembe.
Palipo na chembe ndogo ndipo inapokula kwanza,
iwe herufi, iwe kope.

Asubuhi sauti ikaingia, dakika moja na nusu,
nusu yake majogoo.
"Raya, kipande cha pili cha doti ninacho mimi.
Ulikiacha kwenye kamba siku ile unasafiri.
Kila Idi nakitoa kashani nakianika.
Maneno nayajua, wewe.
Nilitaka kukuona uso. Mbona huna macho?"

Bibi hakusema kitu.
Kasogeza kikombe cha kahawa, kakirudisha pale pale.

Bahati sikuhifadhi juu ya ile ya asili.
Nimeifungua upya, kitufe nimekivuta mpaka mwisho wa reli,
mia, megabaiti kumi na nane,
na kijembe chake, na kope zake, na chunjua ya shavuni
ambayo hata mimi sikuwahi kuijua.

Asilimia tatu. Asilimia nne.
Jua limeshapanda kwenye matangi ya maji ya jirani.
Bibi kavuta kiti karibu na kioo
anaisoma kanga yake kwa sauti, silabi kwa silabi,
halafu anacheka, kwa kuchelewa,
kumjibu yule mpiga picha.

Asilimia kumi na moja.