Furungu

Kazi yangu ni kuwavisha watu furungu.
Jioni, kwa gari jeupe lisilo na maandishi,
nazunguka Grimsby na vitongoji vyake,
napiga magoti kwenye mazulia ya wageni
kama fundi viatu, napima kifundo,
naacha nafasi ya kidole kimoja, nabana.
Lichaji saa mbili kila siku, nasema.
Naye hukaa karibu na soketi,
mbuzi kigingini, akitazama televisheni.

Alhamisi waliniita ukumbini, nieleze.
Nje mvua ya ubavu, ndani chai na biskuti.
Bibi Threlfall aliandika maswali nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:
Akikaribia shule, linalia?
Linalia.
Wapi?
Ofisini, nikasema. Manchester.
Kimya; kisha kicheko kimoja, kikavu.
“Paka kafungwa kengele,” akasema mzee Oldroyd,
“ila kengele iko huko, na panya tuko huku.”

Hapo ukumbi ukachemka.
Wapewe majina. Wapewe anwani.
Yule wa kofia alitaka kukata, na si mguu;
akapigiwa makofi mpaka vijiko vikatikisika.
Kijana mmoja akasema kaka yake alilivaa kwa wizi wa magari,
likamzoesha kulala nyumbani.
Wizi si hiki, wakamzomea, akaketi.
Wengi walitaka ramani kwenye simu,
nukta nyekundu kila mlango wenye mtu wa hivyo.
Nami nina binti wa miaka tisa.
Kuna usiku nimeitamani hiyo ramani
kama mtu anavyotamani usingizi.

Denise alikuwa akiosha vikombe.
Hakugeuka.
“Wangu ndiye aliyetukatia nyama Jumapili,” alisema,
“kipande kikubwa kwangu kila mara.
Kwenye ramani yenu
nyumba yetu ingekuwa safi.”

Bomba liliendelea kumwaga maji.
Wahenga walisema kikulacho, wakataja nguo;
hapa hakuna aliyegusa hata kola yake.
Bibi Threlfall aliigeuza bahasha,
upande wa pili ulikuwa bili tu.

Nilikuwa na mguu mmoja zaidi kabla ya saa tatu.
Mtaa wa bandarini, ghorofa ya pili, harufu ya mafuta ya chipsi.
Linabana, akasema yule bwana.
Nikaingiza kidole. Kiliingia.
“Huko nje wanasemaje juu yetu?”
Nikakusanya bisibisi zangu moja moja.
Saa mbili, nikamwambia. Kila siku.
Usilisahau.