Makala Yamelowa

Umeme ulikatika saa mbili. Tukawasha simu ya Paluku,
tukaisimamisha nyuma ya glasi ya maji
ili mwanga uenee juu ya mji wetu:
mfuko wa sementi uliopasuliwa,
na mgongoni mwake, kwa kalamu ya bluu,
ngome, mfereji, soko la wachawi,
na chini ya soko, mashimo ya chama cha wezi.

Dadu tulikuwa nayo moja, ya nyuso ishirini.
Pembe yake ilimeguka ilipoangukia mawe ya Birere,
tangu hapo ikapenda kulalia kumi na saba,
nasi hatukulalamika.

Mimi nilikuwa mwizi. Jina langu Kucha-Saba.
Nilivaa, kwa maneno tu, joho la ngozi ya popo,
nikamwendea bawabu wa mashimo
nikamnong'oneza kwa lugha ya wezi
tuliyoitunga wiki nzima
kwenye daftari la jiografia la Nsimire:

Mwezi wa damu umemeza ufunguo.

Maana yake: askari wako nyuma yangu, nifungulie.

Nsimire, msimulizi wetu, akarusha. Kumi na saba.
"Mlango unafunguka," akasema,
na mlango ukafunguka kweli:
Mama, na ungo wa maharage kiunoni.

Akaketi juu ya bidoni. Hakukaribishwa.
"Huyo mwizi anapita wapi?"
"Sokoni, Mama."
"Mchana?"
"Mchana."
"Na watu wapo?"
"Wamejaa."
"Basi amekwisha kufa.
Nani anataja mwezi wa damu akinunua vitunguu?"

Tulicheka sana, Gakuru hadi akapaliwa.
Mama alichambua, jiwe huku, punje huku,
vidole vyake vikiona giza lile
kuliko macho yetu manane.

"Neno la siri," alisema, "liwe na kazi ya mchana.
Liamke asubuhi, libebe mzigo kama wenzake,
lipunguziwe bei, lipigwe vumbi.
Usiku ukiliita, litakuja bila viatu.
Semeni: makala yamelowa.
Semeni: shangazi hakuacha chumvi.
Semeni: chukudu imelala Kibumba."

Nsimire aliandika. Kwenye la tatu kalamu ikasita.
"Na hili, Mama, maana yake?"

Mama alipepeta mara moja. Mara mbili.
Maganda yakaruka, yakatua juu ya ngome yetu.

"Maana yake chukudu imelala Kibumba."

Akainuka, akatuachia harufu ya moshi.

Tuliendelea kucheza, lakini kwa sauti ya chini.
Nilimwambia bawabu, makala yamelowa,
naye akajibu, yaanike basi, mimi nifanyeje?
Askari wa mfalme wakapita wakipiga miayo,
mmoja akauliza kilo ni bei gani.
Hatukuhitaji kurusha dadu.

Asubuhi nilimbebea Mama kiloba
juu ya mawe meusi yanayokula soli,
hadi kibanda cha Mama Kavugho, muuza sambaza.
Kwenye kona walisimama vijana wawili
ambao viatu vyao havikuwa na vumbi letu.

"Kavugho," Mama alisema,
kwa sauti ile ile ya kuniitia uji,
"leo makala yamelowa."

Mama Kavugho alifunika sambaza kwa gazeti,
akapanga uzito wa mizani, mkubwa hadi mdogo,
akamvuta binti yake ndani kwa ncha ya kitenge.
"Si neno," akajibu. "Nitapikia kuni."

Nilishusha kiloba. Nikapenyeza kidole tunduni.

Makavu.

Nikakificha kidole mfukoni, cheusi hivyo hivyo,
nikauliza bei ya vitunguu.